Mkono wa Jirani Katika Ngoma

Mara ya mwisho nilipovuka mto Ugalla nilikuwa ndani ya treni ya tawi la Mpanda, lile linaloiacha reli ya kati pale Kaliua na kuteremka kusini kupitia misitu ya miombo. Aliyekaa nami alikuwa mtu wa makamo, Msukuma, mwenye ndoo mbili za asali alizozifunika kwa kitenge na kuzibana kwa magoti. Baada ya kuulizana hali na kabila, aliniuliza huko kwetu visiwani tunacheza ngoma gani. Nikamtajia mbili tatu, kisha nikamtajia taarabu. Akataka kujua kama hiyo ya mwisho huchezwa au husikilizwa. Nikamwambia kwamba zamani watu walikuwa wakikaa.

“Kukaa si kutocheza, bwana,” alisema. “Na sisi tunayo wigashe. Vijana wanakaa kwenye mstari, wanaimba na kucheza wakiwa wamekaa. Lakini na wenzao lazima wawepo, wamekaa upande wa pili. Usipokuwa na wa upande wa pili, unamchezea nani?”

Neno hilo nililichukua kama mazungumzo ya safari, nikalisahau. Likanirudia miezi kadhaa baadaye, nilipopata barua ya rafiki yangu wa tangu skuli, mzaliwa wa Ng'ambo ambaye sasa makazi yake ni Massachusetts, Marekani. Huko amejiingiza katika densi ya wenyeji iitwayo kontra, na kwa kuwa mtu aliyezaliwa na tungo haachi kutunga, ameanza kutunga densi zake mwenyewe. Ya kwanza aliipeleka kwa mtunzi mzoefu. Yule mtunzi akaitazama, akamrudishia kwa maneno mafupi: haina mzungusho wa jirani, kwa hiyo haijakamilika. Rafiki yangu aliudhika. Akaniuliza mimi, ambaye maisha yangu yote nimehakiki mashairi wala sijawahi kucheza densi ya watu wawili, kama hukumu hiyo ni ya haki.

Msomaji wa kurasa hizi hana budi aelezwe kwanza kontra ni kitu gani. Watu husimama safu mbili zikikabiliana kwa urefu wa ukumbi. Kila mtu ana mwenzi wake. Kila jozi imekabiliwa na jozi nyingine, na katika jozi hiyo nyingine ndimo alimo mtu anayeitwa jirani. Muziki ukianza, watu wanne hao hufanya mfululizo wa hatua pamoja: hushikana mikono, hupishana, huzunguka duara, husogea mbele na kurudi. Muziki ukimaliza mzunguko wake, jozi moja imeteremka nafasi moja na nyingine imepanda nafasi moja. Kila mtu bado anaye mwenzi wake yuleyule, lakini jirani ni mpya. Hatua zilezile zinaanza tena. Ngoma moja ikichezwa kwa dakika nane hivi, mtu atakuwa amepita kwa majirani wapatao 15. Mzungusho ndio hatua inayopendwa kuliko zote: wawili hushikana kama wanaotaka kukumbatiana, huegemea nyuma kila mmoja akiubeba uzito wa mwenzake, huzunguka kwa kasi, na hutazamana machoni ili wasishikwe na kizunguzungu.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo iliyonifanya nisiitupe barua ile. Muziki wa kontra kwa kawaida una sehemu nne, na kila sehemu ina mapigo 16 ya mguu. Kila sehemu hukatika katikati, manane na manane. Mpenzi wa ushairi hahitaji kuongezewa neno. Ubeti wa tarbia una mishororo minne. Kila mshororo una mizani 16. Na kila mshororo hukatika katikati, ukwapi mizani minane na utao mizani minane. Jumla ni 64 huku na 64 kule. Sidhani kama kuna uhusiano wa nasaba hapo. Miguu ya mkulima wa New Hampshire na ulimi wa malenga wa Mvita havikuwahi kukutana. Lakini ukubwa wa chombo ukiwa mmoja, matatizo ya kukijaza hufanana, na hapo mhakiki wa mashairi anaweza kusema kitu bila ya kujifanya mchezaji.

Mzungusho kamili hula mapigo nane au 16. Yaani kipande cha mshororo, au mshororo mzima. Mtunzi akilazimishwa kuweka mzungusho wa mwenzi wa mapigo 16 na mzungusho wa jirani wa mapigo 16, tayari nusu ya ubeti wake imeandikwa kabla hajashika kalamu. Bado mishororo miwili, na ndani ya miwili hiyo ni lazima awatoe watu pale mzungusho wa kwanza ulipowaacha, awafikishe pale mzungusho wa pili unapoanzia, kisha awasogeze kwa majirani wapya. Ubunifu utapata wapi nafasi? Ni sawa na kumwambia mshairi: tunga upendavyo, ila mshororo wa pili na wa nne wa kila shairi utakalotunga maishani mwako uwe huu hapa. Kiitikio ni kitu kizuri, na sisi tunakijua utamu wake. Kiitikio kimoja kwa mashairi yote ya dunia ni jambo jingine.

Na kweli, wanaozijua densi hizo wanalalamika kwamba nyingi za miaka ya karibuni zimefanana mpaka mtu hawezi kuzitofautisha kwa miguu. Hapo rafiki yangu ana hoja. Lakini si hoja yote, na nimemwandikia hivyo, kwa sababu nilipozitazama zile densi kongwe za huko niliona kwa nini watu waliutaka mkono wa jirani kwa pupa namna ile.

Kongwe mbili zinatosha. Ya kwanza ni “Money Musk”, ambayo muziki wake ulitoka Uskochi katika karne ya 18. Haina mzungusho hata mmoja, si wa mwenzi wala wa jirani. Isitoshe, kwa namna inavyochezwa New Hampshire haifiki mapigo 64. Ina 48, yaani ni tathlitha. Jozi inayoongoza hushikana mkono wa kulia na kuzunguka mara moja na nusu, hushuka nafasi moja, na hapo safu mbili za watu watatu watatu husogea mbele zikikabiliana na kurudi nyuma. Mguu wa watu sita hugonga sakafu kwa pamoja. Wanaongoza huzunguka tena robo tatu, safu hujipanga upande mwingine, na mguu hugonga tena. Jirani hapo hashikwi wala hazungushwi. Yuko kando yako begani, na mnasogea pamoja kumwelekea mtu wa mbele. Ni densi kavu, ya kubana, isiyosamehe aliyechelewa hata kwa pigo moja, na kila ninapoisoma mpangilio wake naiona nzuri kama shairi lisilo na neno la kujazia.

Ya pili ni “Chorus Jig”. Hii ina mzungusho, lakini wa mwenzi tu, tena mwishoni. Kabla ya hapo kuna hatua ambayo ningependa kila mtunzi mchanga wa Kiswahili aione. Anayeongoza humpa mwenzi wake mkono wa kulia, humwacha na kumpa jirani wa pembe moja mkono wa kushoto. Jirani humgeuza na kumrudisha katikati kwa mwenzi, mkono wa kulia. Mwenzi naye humtoa kwa jirani wa pembe ya pili, mkono wa kushoto. Kisha hurudi tena, na mwenzi yuko palepale akimngoja kwa mzungusho. Jirani hapa anafanya kazi ya kina cha kati. Hatumalizii kwake, lakini bila yeye mwisho usingesikika kuwa ni mwisho. Kina cha mwisho hupata utamu wake kwa sababu sikio limekwisha kupitishwa pengine.

Kwa hiyo, ukiniuliza kwa kanuni tupu, jibu limekwisha patikana: densi mbili zilizodumu kwa vizazi hazina mzungusho wa jirani, na mtu anayesema hazijakamilika ajiulize yeye.

Ila kuna wale waliosimama. Katika densi hizo kongwe jozi inayoongoza ndiyo inayocheza; jozi ya pili huganda. Katika “Chorus Jig” wanaoongoza huenda nje ya safu na kurudi, huenda katikati na kurudi, na muda wote huo wenzao wamesimama wanawatazama. Zamu yao itafika wakipanda hadi juu ya safu, lakini safu ikiwa ndefu na muziki ukiwa mfupi, wa mwisho huenda nyumbani bila ya kuongoza. Mtu aliyewahi kukaa nyuma katika hafla za kwetu, akapitiwa na sinia mara mbili likiwa tupu, anaelewa.

Watunzi wa karne ya 20 walilitibu jambo hili. Herbie Gaudreau alitunga “Becket Reel”, ambamo jozi husimama bega kwa bega upande mmoja na kila mtu hucheza tangu pigo la kwanza. Mpangilio huo mpaka leo huitwa kwa jina la densi hiyo. Ted Sannella wa Boston, aliyefariki mwaka 1995, alikusanya densi katika kitabu alichokiita “Balance and Swing” mwaka 1982; kitabu chake cha pili kilichapishwa mwaka 1996, yeye ameshatangulia, na jina lake ni “Swing the Next”, yaani mzungushe anayefuata. Katika majina hayo mawili umo mwendo wote wa mabadiliko. Usawa ukaingia, hakuna tena wa kuongoza na wa kungoja, na alama ya usawa ikawa ni ule mkono: kila ninayekutana naye nimpe mzungusho, asiwe mti wa kupitia tu njiani. Mimi nauheshimu mwendo huo. Sheria ya yule mtunzi mzoefu ina chimbuko la haki, na ubaya wake ni kwamba dawa imegeuzwa chakula cha kila siku.

Nirudi Ugalla.

Wasukuma si wenyeji wa asili wa Katavi. Hapo ni kwao Wakonongo, Wabende, Wapimbwe na wengineo, na Ugalla ni nchi ya jamaa wa Wanyamwezi. Wasukuma walianza kuteremka na ng'ombe wao kwa wingi katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita, wakafuata malisho, na wakaja na ngoma zao kama mtu anavyokuja na jina lake. Katika kijiji cha yule mwenzangu wa treni, ambacho sitakitaja, nilialikwa baada ya mavuno kutazama mashindano ya pande mbili: Bagika na Bagalu. Asili ya pande hizi huhusishwa na waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha, ambao dawa zao zilipimwa kwa ngoma. Utaratibu wake ni mwepisi kueleza na mgumu kuustahimili. Makundi mawili hupanga ngoma zao kwenye uwanja mmoja kwa saa ileile. Kila kundi lina mtunzi wake, ningi, anayeimba nyimbo alizozitunga kwa siku hiyo. Watazamaji wako huru kwenda watakako. Watakapohamia, huko ndiko kwenye ushindi.

Sasa mtazame jirani katika mpangilio huo. Hakuna anayemshika mwenzake mkono. Hakuna anayevuka upande. Kwa saa nyingi makundi hujifanya hayaonani. Lakini hakuna kinachofanywa upande huu ambacho hakimhusu wa upande ule. Ngoma ikipoa kule, huku inapandishwa. Ningi wa huku akisikia ubeti wa kule umewachekesha watu, huuacha wimbo wake katikati na kuujibu. Nilimwona mmoja, kijana mwembamba mwenye koti la mvua katika jua kali, akisikiliza kwa kuinamisha kichwa huku midomo yake ikiimba kitu kingine kabisa. Nadhani ndiye mtu niliyemwona akisikiliza kwa makini kuliko wote maishani, na alikuwa amempa mpinzani wake mgongo.

Nikakumbuka neno la wigashe: usipokuwa na wa upande wa pili, unamchezea nani? Katika ngoma hii mwenzi ni kundi lako, na jirani ni mshindani. Naye mshindani ndiye anayekutia uzito wa kuegemea. Mzungusho upo, ila umetandazwa uwanja mzima, na mikono imebaki kwa wenyewe.

Hapa mtu wa pwani anajiona yuko nyumbani. Kwetu kumshika mkono jirani asiyekuwa maharimu yako ni jambo lenye hukumu yake, na ngoma zetu, nyingi zake, zimetungwa na watu waliolijua hilo. Sijawahi kuliona kuwa ni upungufu. Kwa kukosa mkono tulilazimika kutafuta njia nyingine ya kumgusa mtu. Lelemama ya wanawake, safu moja ya wanaocheza bega kwa bega kwa miondoko midogo ya mikono, ilikuwa na nguvu Mombasa kwa sababu vyama vilikuwa viwili: Ibinaal Watan wana Banu Saada wa kushindana nao, na Banu Saada vilevile. Lamu ilikuwa na mitaa yake, Mkomani na Langoni, na ngoma ya mtaa mmoja ilitungwa kwa ajili ya masikio ya mtaa wa pili. Beni nazo, tangu Kingi na Skochi za Mombasa mpaka Marini na Arinoti zilizoenea Tanganyika nzima wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, zilikwenda mbili mbili. Terence Ranger, aliyeziandikia kitabu mwaka 1975, aliona mengi katika beni, siasa na ukoloni na tabaka. Mimi naongeza dogo la mhakiki: hakuna aliyefurahia kuwa na beni moja mjini.

Na ushairi je? Muyaka bin Haji wa Mombasa hakuwa Muyaka peke yake. Alikuwa na Zahidi Mngumi ng'ambo ya pili, Lamu, na tungo za kujibizana zilisafiri kwa jahazi baina ya miji iliyokuwa na damu mbichi kati yao. Walikuwa na hasama ya kweli. Lakini mtu huwezi kumjibu mwenzio kwa vina vyake bila kwanza kuingia ndani ya ubeti wake, ukakaa humo, ukauhisi uzito wake. Na huo, kwa ninavyoelewa maelezo ya rafiki yangu, ndio mzungusho. Tangu hapo mpaka “Mnazi: Vuta N'kuvute” ya Abdilatif Abdalla katika “Sauti ya Dhiki” ya mwaka 1973, ambamo Alii na Badi wanagombea mnazi mmoja, mmoja yuko juu na mmoja yuko chini, tungo zetu kubwa nyingi zina watu wawili ndani yake. Linalonisumbua katika diwani nyingi zinazoniletewa siku hizi nizihakiki ni kwamba zina mwenzi tu. Mshairi na mpenzi wake. Mshairi na nafsi yake. Mshairi na taifa, ambalo halijibu. Vina vimepangwa, mizani imetimia, na sioni mahali hata pamoja ambapo mtu mwingine angeweza kuweka mkono.

Ugonjwa huu umeingia hata kwenye ngoma yenyewe. Bugobogobo, ngoma ya jembe ya Wasukuma upande wa Bagalu, imekuwa mali ya taifa. Nimeitazama jukwaani mara nyingi. Vikundi vya mijini vinaicheza, wanafunzi wa sanaa Bagamoyo wanaijua, na majembe hurushwa juu na kudakwa kwa ustadi ambao sina ila nao. Ila yangu ni kwamba huko jukwaani inachezwa peke yake. Wachezaji wamewageukia watazamaji walionunua tiketi na ambao hawana pengine pa kuhamia. Mpinzani amekatwa. Nyimbo zimebaki zilezile, kwa kuwa hakuna wa kuzijibu. Kitaalamu hatua zote zipo, na mimi huondoka ukumbini na njaa. Ndipo ninapomkumbuka yule ningi mwenye koti la mvua, na ninajua ni nini kilichopunguzwa: ile hatari ya kuachwa.

Kwa maana hatari ipo, na sitaki nimpambie msomaji. Jirani wa ngoma ya mashindano anaweza kukuaibisha mbele ya wakweo. Mzungusho wa kontra, kwa upole wake, haumwachi mtu. Hata mchezaji dhaifu kuliko wote hupata majirani wake 15, na kila mmoja humshika. Hilo ni jambo kubwa, na sisi wa mipasho na vijembe hatuna haki ya kulidharau. Ingawa nako huko, rafiki yangu ameniandikia, wachezaji wameanza kusema waziwazi kwamba mkono wa jirani wakati mwingine ni mzito mno, na kwamba mtu awe na ruhusa ya kuukataa na kupewa hatua nyingine badala yake, bila ya kununiwa. Sheria inayosema kila densi lazima iwe nao inapata tabu kidogo hapo.

Kuna jirani wa aina nyingine tena katika nchi ile, na yeye ndiye aliyenifanya nisiweze kuandika makala haya kama fumbo la hesabu. Kutoka Mpanda mjini hadi Katumba si mbali. Katumba na Mishamo, pamoja na Ulyankulu ya Tabora, ni makazi waliyopewa wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Kwa miongo wakalima mashamba makubwa, wakalisha miji, wakazaa watoto wasioijua Burundi. Lakini kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Mwaka 2010 zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na mwanzoni ilikusudiwa watawanywe mikoa mingine. Mpango huo uliachwa, na vyeti vya uraia vilianza kugawiwa mwaka 2014. Fikiria, msomaji, jirani ambaye kwa miaka zaidi ya 30 unanunua mahindi yake na huruhusiwi kumkuta kwenye uwanja wako wa ngoma mpaka awe na karatasi. Sijui mtunzi gani angeweza kuipanga hatua ya namna hiyo: safu mbili zinakabiliana, muziki unapigwa, na nafasi baina yao haivukwi.

Siku ya mashindano niliyoalikwa, mtu mmoja aliyesimama karibu nami aliniambia yeye ni wa Katumba, amekuja na baiskeli, na hajashika upande. Alihama kutoka Bagika kwenda Bagalu na kurudi mara tatu au nne. Nikamuuliza anatafuta nini. Akacheka, akasema anapenda kule kuhama kwenyewe.

Nimemjibu rafiki yangu kwa kirefu kuliko alivyotaka. Densi yake nimeisoma pigo kwa pigo. Kwa kukosa mzungusho wa jirani sikuona kosa. Mtunzi mzoefu amekosea kusema haijakamilika kwa sababu hiyo. Lakini nimemwambia pia kwamba densi yake ina kosa, na liko mahali palepale mzee yule alipoelekeza kidole. Katika mshororo wake wa pili jirani anapitwa begani mara mbili, mapigo nane na mapigo nane, na mara zote mbili ungeweza kuweka kiti mahali pake na hakuna ambacho kingeharibika. Hampi mtu uzito wala hapokei. Nimempendekezea amtazame tena yule wa pembeni katika “Chorus Jig”, anayepokea kwa mkono wa kushoto na kurudisha. Mapigo manne yanatosha. Akitaka mzungusho, basi auweke, lakini kwa sababu densi imeuomba.

Ameniuliza katika barua yake ya pili mashindano yale ya Ugalla yalimalizikaje. Bagalu walishinda. Jua lilipokuwa linazama uwanja wa Bagika ulibaki na watoto na wazee wachache, na baridi ya jioni ikazilegeza ngozi za ngoma zao mpaka sauti ikawa ya mtungi. Moto wao ulikuwa umezimika. Hakuna aliyekuwa ameukumbuka. Mpigaji wao mkubwa akaivua ngoma begani, akavuka uwanja kwa mwendo wa kawaida, akafika kwa washindi na kuchuchumaa kwenye moto wao. Mmoja wa Bagalu alisogeza kuni kumpa nafasi. Akaizungusha ngoma yake juu ya ndimi za moto, akiigonga kwa kidole na kuisikiliza, mpaka ilipokaza. Kisha akainuka, akarudi upande wake, na wakaanza tena.